Boksi Linasema Wati 300: Namna ya Kuitumia Tathmini Huru Unaponunua Sola Mwanza

Taa ya sola ya ukutani iliyoandikwa "300W" kwenye boksi, ikiwa na kipaneli chake cha wati 10, utaikuta kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme hapa mjini. Piga hesabu ukiwa bado umesimama kaunta. Jua zuri la Kanda ya Ziwa huipa paneli kama saa 5 za nguvu kamili kwa siku. Wati 10 mara saa 5 ni wati-saa 50. Ondoa kinachopotea kwenye betri na nyaya, zinabaki kama 35. Taa inayokula wati 300 kweli ingezimaliza hizo kwa dakika saba. Lakini taa hiyohiyo inawaka kuanzia saa moja jioni hadi usiku wa manane na zaidi, kwa hiyo haili wati 300. Haifiki hata 10.

Inawezekana kabisa taa yenyewe si mbaya. Kwa uani wa nyumba ya Buswelu au Igoma, wati sita za LED zinatosha kumwona anayebisha hodi. Shida ni kwamba jirani yake kwenye rafu ni taa inayosema wati 60, ya bei ya juu zaidi, ambayo kwa mwanga halisi inaweza kuwa mara tatu ya hii. Mnunuzi ana namba moja tu ya kulinganisha, na namba hiyo imeandikwa na mwenye kuuza. Tathmini huru inamletea namba ya pili, iliyopimwa na mtu ambaye hapati kitu taa ikiuzwa wala isipouzwa. Ukishakuwa na namba mbili, mazungumzo ya dukani yanabadilika.

Uhuru wenyewe unaonekana kwenye pesa. Kabla ya kuamini tathmini yoyote, tafuta nani alikinunua kifaa kilichopimwa, nani anawalipa wapimaji, walipima vifaa vingapi na kwa muda gani. Consumer Reports ya Marekani, iliyoanza mwaka 1936, hununua bidhaa madukani kama mteja mwingine yeyote na haichukui matangazo ya kampuni. Stiftung Warentest ya Ujerumani, iliyoundwa mwaka 1964, nayo hununua bila kujitambulisha. Wanafanya hivyo kwa sababu kiwanda kikiombwa kipande cha kupima, kitachagua kile kizuri kuliko vyote kwenye ghala. Kipande ulichouziwa wewe hakikuchaguliwa na mtu.

Sasa lete kipimo hicho kwenye video tunazozitazama kila siku. Kijana anafungua boksi, anawasha, anasema "wakuu, hii kitu ni moto", na chini ya video kuna namba ya duka. Hata kama hakulipwa senti, alichokuonyesha ni siku ya kwanza, na siku ya kwanza kila betri ni nzima. Simaanishi umpuuze. Yeye ana faida kwa maumbo na sauti: utaona ukubwa wa kifaa mkononi mwa mtu, urefu wa waya, namna vitufe vinavyobonyezwa. Lawama zake zina uzito kuliko sifa zake, kwa sababu lawama hazimwingizii kitu. Akisema waya wa paneli ni mfupi, mwamini, nenda ukiwa umejiandaa kununua waya wa ziada.

Kwa taa na mifumo midogo ya sola, chanzo ambacho ningependa kila mnunuzi wa Kanda ya Ziwa akijue ni VeraSol. Huu ni mpango ulioendeleza kazi ya Lighting Global ya Benki ya Dunia, na tangu mwaka 2020 unatumia jina hili. Bidhaa hupimwa katika maabara zisizo za mtengenezaji, kwa viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, na matokeo yanawekwa hadharani, bure, kwenye orodha unayoweza kuitafuta kwa simu. Kila bidhaa ina karatasi yake. Humo utaona mwanga kwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga), saa za kuwaka, aina na ukubwa wa betri, kama betri inaweza kubadilishwa, kinga ya maji, waranti, na tarehe ambayo uthibitisho unakwisha. Namba za mtengenezaji haziruhusiwi kupishana na za maabara kwa zaidi ya asilimia 15. Wati 300 za lile boksi zisingepita hapo hata mlangoni.

Karatasi hiyo iko kwa Kiingereza na ina vifupisho vingi, lakini mistari ya muhimu ni michache. Mstari wa kwanza kuutazama ni saa za kuwaka baada ya siku moja ya jua. Usiuchanganye na saa za kuwaka betri ikiwa imejaa kabisa, maana mtengenezaji hupenda kutangaza ile ndefu. Siku ya jua ya maabara ni kilowati-saa 5 kwa kila mita ya mraba. Mwanza huipata siku kavu za Julai na Agosti bila shida. Wiki ya mvua za masika, mawingu yakiwa yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, tarajia nusu au pungufu. Kwa hiyo karatasi ikisema saa 6, na wewe una mtoto anayesoma kwa saa mbili na nusu kila usiku, una akiba kidogo. Ikisema saa 4, Aprili mtoto atalala mapema.

Kuna jambo lingine ndani ya mstari huohuo. Saa zinahesabiwa mpaka mwanga unaposhuka kufikia asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Taa haizimiki hapo, inaendelea kufifia. Ndiyo maana muuzaji anaweza kusema "inakesha hadi asubuhi" bila kudanganya, na maabara ikaandika saa 7 bila kukosea. Kwa kusoma daftari, saa 7 ndiyo namba yako. Kwa kumulika choo cha nje, "hadi asubuhi" inatosha.

Wavuvi wa dagaa wanapaswa kusoma kwa ukali zaidi. Karabai ilikuwa na ubaya wake, mafuta ya taa ghali na kioo kupasuka kikirushiwa maji, ila mwanga wake haukupungua alfajiri mradi una mafuta na unapiga pampu. Taa ya betri inayofifia saa tisa usiku inawaachia dagaa waondoke kabla ya mtego wa mwisho. Hivyo mvuvi wa Igombe, Kayenze au Ukara alinganishe taa kwa saa za asilimia 70, si kwa "inakesha". Kisha atazame herufi mbili, IP, na tarakimu zinazofuata. Tarakimu ya mwisho ndiyo ya maji: 5 ni maji yanayorushwa, 7 ni kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30. Taa inayokaa juu ya kiboya ikipinduliwa na wimbi haijarushiwa maji, imezama. IP65 ni taa ya ukuta wa nyumba. Ya ziwani iwe IP67, na ufungaji wa mpira kwenye tundu la chaja ukague kwa kidole, kwa sababu maji mengi huingilia hapo pale mtu anapochomeka chaja kisha akasahau kuurudisha mpira.

VeraSol ina mipaka yake. Inashughulika na seti kamili, zile zinazokuja na paneli, betri na taa zikiwa pamoja, hadi wati 350. Bidhaa isiyokuwamo kwenye orodha si lazima iwe mbovu, huenda haijapelekwa kupimwa. Na wengi wetu tukishapita taa tatu na redio tunanunua vipande: paneli kwa huyu, betri kwa yule, inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, pale ilipopatikana nafuu. Hapo hakuna maabara iliyopima mchanganyiko wako. Tathmini unazosoma mtandaoni zinageuka kuwa kipimo cha kulinganishia tu, na upimaji wenyewe unaufanya dukani. Vifaa ni futi kamba, mzani, na mita ya umeme ya fundi.

Anza na paneli, kwa sababu yenyewe haiwezi kujificha. Jua kali kabisa la vipimo ni wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli nzuri za sasa hugeuza kama asilimia 20 hadi 22 ya hizo kuwa umeme. Pima urefu na upana kwa mita, zidisha, kisha zidisha kwa 220. Jibu ni kikomo cha juu. Paneli ya sentimita 100 kwa 67 ina eneo la 0.67, mara 220 ni wati 147. Ikiwa kibandiko cha nyuma kinasema wati 250, irudishe ukutani na usibishane. Paneli ya kweli ya wati 300 ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa mita moja, si ya kubeba kwapani kwenye bodaboda.

Ukubwa ukikubali, omba itolewe nje juani, saa sita mchana, na fundi aweke mita. Paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 huonyesha volti 21 au 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Namba hiyo hata paneli dhaifu inaweza kuifikia, kwa hiyo isikutoshe. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, weka mita kwenye ampia za DC (umeme wa paneli na betri), kisha shika ncha mbili za paneli moja kwa moja. Jua likiwa wazi utaona karibu ampia 6. Ukiona 3 na kibandiko kinasema 100, zidisha 3 kwa 18, ambazo ndizo volti za kazi, upate 54. Umeuziwa wati 54, au hata pungufu kidogo. Kipimo hiki cha ampia kifanye kwenye paneli tu. Ukishika hivyo ncha za betri, mita itaungua mkononi na unaweza kuungua nayo.

Betri ndiyo inayokula pesa za watu. Tathmini nzuri za betri za risasi na asidi, za jeli au za kawaida, hutaja uzito, na wasomaji wengi huuruka mstari huo. Usiuruke. Chaji inakaa kwenye risasi, na risasi ni nzito. Betri ya kweli ya volti 12 na Ah 100 (ampia-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba) ina kilo 28 hadi 32. Ya Ah 200 inakaribia kilo 60. Tafuta uzito ulioandikwa na mtengenezaji kwa modeli hiyohiyo, ubebe namba, kisha omba mzani duka la nafaka la jirani. Betri iliyoandikwa Ah 100 yenye kilo 19 haina risasi ya kubeba Ah 100, na hakuna maneno yatakayoiongezea. Kwa betri za lithiamu kanuni hii haitumiki. Ah 100 ya lithiamu ina kilo 10 hadi 13 na ni halali yake.

Volti peke yake hudanganya. Betri ya risasi iliyochoka ikitoka kwenye chaja inaweza kusoma 12.7 sawasawa na mpya. Inataka mzigo. Nunua balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 60, iunganishie nyaya mbili: inavuta karibu ampia 5. Ikiwa betri ni Ah 100 kweli na imejaa, balbu hiyo itawaka saa 10 na kumaliza nusu. Izime, iache betri ipumzike saa mbili tatu, ipime: inapaswa kusoma karibu volti 12.1. Ikiwa ndani ya saa nne tu, balbu ikiwaka, mita imeshuka chini ya 11.5, hiyo si Ah 100. Fanya jaribio hili wiki ya kwanza, wakati muuzaji bado anakukumbuka, na ichaji betri siku hiyohiyo, kwa sababu betri ya risasi ikiachwa tupu huanza kuganda salfa kwenye bamba zake na hairudi ilivyokuwa.

Kuna namba moja ya tathmini za nje ambayo huku kwetu inapaswa kupunguzwa kila mara, nayo ni miaka. "Miaka mitano" ya betri ya risasi imepimwa kwenye nyuzi joto 25. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka juu ya hapo, maisha hukatika nusu. Chumba cha bati bila dari mchana kinafika 35 bila taabu. Betri hiyohiyo, bila mtu kudanganya, inageuka ya miaka miwili na nusu. Iweke chini sakafuni, upande usiopigwa na jua la mchana, mbali na inveta inayopumua moto. Na usiishushe chini ya nusu kila usiku: kati ya wati-saa 1,200 za Ah 100, panga kutumia 600.

Maoni ya wateja ni kundi jingine na yana matumizi yake. Yaliyoandikwa wiki ya kwanza yapite haraka. Tafuta ya baada ya mwaka, na ya nyota mbili na tatu, ambako mtu anaeleza kilichoharibika na lini. Malalamiko yaleyale yakijirudia kwa watu wa nchi tofauti, mfano swichi kulegea au kontrola kuungua, huo ni udhaifu wa kifaa. Sifa zinazofanana neno kwa neno, zilizowekwa siku mbili tatu mfululizo, zimenunuliwa. Biashara hiyo ilikua mpaka Marekani ikatoa kanuni ya kuipiga marufuku, iliyoanza kazi Oktoba 2024. Kwetu, Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, na ununuzi mwingi wa mtandaoni umehamia kwenye kurasa za Instagram na magrupu ya WhatsApp, ambako mwenye ukurasa anafuta maoni mabaya kwa kidole kimoja. Ukurasa usio na lalamiko hata moja na una wateja wengi, nauogopa.

Friji na deep friza, kwa kifupi. Mama anayeuza sangara au mwenye duka la vinywaji atazame herufi za daraja la hali ya hewa, mara nyingi kwenye kibandiko cha nyuma au ndani ya mlango. N imetengenezwa kwa chumba cha hadi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friza ya N inaweza kusifiwa sana na wapimaji wa Ulaya, kisha kwenye kibanda cha bati cha Kirumba motor isipumzike mchana kutwa na uniti za umeme zikaenda. Tafuta T, au SN-T. Friji iliyotathminiwa Marekani, ya volti 120, si yako hata kama jina ni lilelile.

Kwenye simu, jina la biashara halitoshi, kwa sababu kampuni huuza jina moja likiwa na chipu au kamera tofauti kwa masoko tofauti. Linganisha namba ya modeli iliyo kwenye ukurasa wa "Kuhusu simu" na ile iliyopimwa. Kisha bonyeza *#06#, chukua IMEI, itume kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na jibu lifanane na simu uliyoshika. Pawabenki ipime mzani: seli moja ya duara ya kawaida ina gramu 45 hadi 50 na haivuki mAh 3,600. Pawabenki ya "mAh 50,000" ingehitaji seli 14, gramu 630 bila kava. Ukiinyanyua ikawa nyepesi kama simu, namba ni ya kuchora.

Rudi kwenye duka. Chochote ulichosoma kinahusu modeli fulani, na feki hukopi jina, rangi na hata kibandiko. Andika namba kamili ya modeli kwenye karatasi, hadi herufi ya mwisho, na uilinganishe na ya kifaa chenyewe, si ya boksi peke yake. Alama ya TBS, shirika la viwango, inakuambia bidhaa inatakiwa kuwa imefikia kiwango cha chini, haikupangii ipi ni bora kati ya mbili zilizofikia. Risiti ya EFD iandikwe jina la bidhaa na modeli. Risiti ya "vifaa vya umeme" tu itakutesa siku ya kudai. Namba ya mfululizo (serial number) ya betri au inveta iandikwe kwenye kadi ya waranti mbele yako na mhuri upigwe, kisha uliza waranti inashughulikiwa wapi. Ikiwa jibu ni Dar es Salaam, uliza nani analipia kusafirisha. Kwa mtu wa Nansio au Kome, betri ya kilo 30 kurudishwa mjini ina nauli ya chombo, mizigo, na siku nzima ya kazi, kwa hiyo nusu saa ya mzani na mita kabla ya kupanda kivuko ni rahisi kuliko waranti yoyote. Ukigundua umeuziwa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi hiyo kisheria, na watakachokuuliza kwanza ni risiti.

Kilichopungua sana ni tathmini za huku kwetu. Karibu kila namba tunayosoma imepimwa kwenye baridi ya watu wengine. Ukiwa na kifaa kwa mwaka, andika kwenye grupu la mtaa au la mwalo, kwa namba. "Betri nzuri sana" haimsaidii mtu. Andika hivi: modeli fulani, Ah 100, kilo 29, nilinunua Machi mwaka jana kwa bei kadhaa, ipo Kayenze kwenye chumba cha bati bila dari, inawasha taa nne na televisheni ya inchi 24 kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Ilipokuwa mpya balbu ya wati 60 iliwaka saa 10, na betri ilipopumzika ikasoma 12.1. Mwezi huu imefika hapo kwa saa 7.